Mgongo wa Babu, Mifupa ya Turkana

Agosti 1984, kikosi cha watafuta visukuku kilikuwa kimepiga kambi kando ya laga ya Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko. Kamoya Kimeu, ambaye macho yake yalikuwa yameshaokota historia ya dunia mara kadhaa, hakulala. Alitoka akatembea kidogo tu kutoka kambini, na katikati ya kokoto akaona kipande cha fuvu. Kidogo sana. Mimi na wewe tungekikanyaga na kuendelea na shughuli zetu.

Kipande kile kilivuta kingine, na kingine, mpaka ikapatikana mifupa karibu yote ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Leo tunamwita Mvulana wa Turkana, na katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi, ana nambari yake: KNM-WT 15000. Tangu hapo amesomwa kama kitabu cha mtihani. Meno yake yamechunguzwa ili umri wake ukadiriwe. Taya lake limeangaliwa, zikaonekana dalili za ugonjwa pale jino la utotoni lilipokuwa. Na uti wake wa mgongo? Wataalamu wamebishana juu yake kwa miongo. Wengine walisema ulikuwa na kasoro. Wengine wakajibu kwamba mvulana alikuwa sawa, ila mifupa yake ndiyo iliyopangwa vibaya.

Mgongo wa babu yangu haukubishaniwa na mtu. Kila aliyeuona alikuwa na jibu tayari.

*

Kitambulisho cha babu kilisema amezaliwa 1950, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akicheka na kusema serikali ilimkisia tu. Alikulia pande za Kakuma akichunga. Ukame wa 1980 ulipofagia mifugo, akabaki na mikono yake. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipoanzisha shughuli kubwa ya kupeleka chakula kusini mwa Sudan, Lokichoggio, au Loki kama sisi tunavyopaita, paligeuka kutoka kituo kidogo cha mpakani kuwa uwanja wa ndege wenye kelele usiku na mchana. Babu akapata kazi ya kupakia. Magunia ya mahindi, maharagwe, unga. Alibeba kwa miaka mingi, kisha akarudi Kakuma na kuanza kununua na kuuza mbuzi.

Kwa hiyo mgongo ulipoanza kuuma mwaka 2021, kila kitu kilieleweka. "Ni magunia ya Loki," alisema. Mama akasema ni magunia. Mjomba akasema ni magunia. Hata mimi, niliyekuwa chuo Eldoret nikijiona msomi, nilisema kwenye simu: babu, ni magunia hayo.

Kwenye zahanati moja walisema ni brusela, na kusema ukweli hilo halikuwa jibu la kijinga. Huku watu hunywa maziwa mabichi na kuzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, na brusela huuma mgongo kweli. Alitibiwa brusela. Miezi ikapita, akatibiwa tena. Mahali pengine wakasema ni uzee, akapewa dawa za maumivu, rudi nyumbani.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingetushtua kama tungejua kulisoma. Maumivu ya kazi hulala mtu akilala. Haya ya babu yaliamka babu akilala. Usiku alikuwa akikaa nje, ekicholong chini yake, mgongo kwenye ukuta, akisubiri kukuche. Tena alikuwa akienda haja ndogo mara nne, mara tano kwa usiku, na hilo lilianza zamani kabla ya mgongo. Lakini mzee hawezi kukaa mbele ya wajukuu akaanza kueleza habari za mkojo wake. Na sisi hatukuuliza.

Asubuhi moja ya mwaka 2022 mama alinipigia. "Babu yako anasema miguu imelala na haiamki."

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita kama 120. Kutoka Lodwar unashuka Lokichar, Kainuk, unapanda milima ya Pokot, Kapenguria, Kitale, halafu Eldoret. Kwa gari lako mwenyewe ni safari ya siku moja ndefu. Kwa mtu anayetafuta kwanza pesa, halafu barua ya rufaa, halafu gari lenye kiti kinacholala, ni siku tatu.

*

Daktari aliibandika picha ya eksirei kwenye taa na akatuacha tuitazame kidogo. Nikaona pingili za mgongo na mifupa ya nyonga, na juu yake madoa meupe, meupe kama chokaa. Mimi nilifurahi. Kwenye eksirei mfupa ndio mweupe, si ndiyo? Nikadhani weupe mwingi maana yake ni nguvu nyingi.

"Hapana," akasema. "Hii ni tezi dume."

Tezi dume ni kitu kidogo, kama tunda la mzambarau, kinachokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kinatengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Nilijua hilo kutoka darasa la biolojia. Sikuelewa jinsi kitu cha chini ya kibofu kinavyoweza kupaka chokaa mgongoni. Usiku ule, kwenye benchi la hospitali, nikiwa na simu na bando la shilingi hamsini, nilianza kusoma. Nimeendelea kusoma mpaka leo, na chuo nilikiacha njiani.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mfupa uko hai. Tumezoea kuufikiria kama nguzo au jiwe, pengine kwa sababu sisi Waturkana tumezungukwa na mifupa iliyogeuka mawe. Lakini ndani ya mfupa wa mtu hai kuna mafundi wa aina mbili wasiopumzika. Kuna wabomoaji, wanaokwangua mfupa uliochakaa, na kuna wajenzi, wanaoweka mpya mahali pake. Wakielewana, mifupa yako inafanywa upya polepole maisha yako yote bila wewe kuhisi lolote.

Saratani ya tezi dume inapofika pale, inavuruga makubaliano hayo. Saratani nyingi zinazoingia mfupani, kama ile ya figo, huwachochea zaidi wabomoaji, na mfupa hubaki na mashimo. Hii ya tezi dume ina tabia yake: huwachochea sana wajenzi. Wanajenga mfupa mwingi, haraka, bila mpango, tofali juu ya tofali pasipo na ukuta. Ndiyo maana picha inatoka nyeupe. Mfupa umekuwa mzito, lakini hauna mpangilio unaoupa nguvu, na unaweza kuvunjika mtu akijigeuza tu kitandani. Mwaka 1891 daktari Mjerumani, Friedrich von Recklinghausen, alieleza jambo hili baada ya kupasua maiti za wanaume: uvimbe mdogo kwenye tezi, na mifupa iliyojaa ujenzi wa ovyo. Karibu miaka arobaini kabla yake, mwaka 1853, daktari J. Adams wa London alikuwa ameeleza saratani ya tezi dume na kuiita ugonjwa adimu sana. Leo ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya. Pengine haikuwa adimu hivyo hata enzi zake. Ilikuwa imejificha kwenye migongo ya watu walioambiwa ni uzee.

Kwa nini mfupa, na kwa nini mgongo? Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kwamba ugonjwa hausambai popote tu. Unachagua. Akafananisha na mkulima: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota tu palipo na udongo unaoifaa. Uboho, ile nyama laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu, ni udongo mzuri kwa mbegu hii. Seli za saratani ya tezi dume hufika na kukaa kwenye vyumba vile vile vya seli mama za damu. Zinaweza kukaa kimya miaka. Zikiamka na kuenea, damu yenyewe hupungua, na mtu anachoka mpaka kuongea kunakuwa kazi. Babu alikuwa amefika hapo. Tulidhani ni njaa ya kiangazi.

Sehemu ya pili ya jibu ilikuja 1940. Oscar Batson, mwalimu wa anatomia huko Philadelphia, aliingiza rangi kwenye mshipa wa uume wa maiti ili aone inakoelekea. Ilipanda mgongoni. Aligundua kwamba vena za eneo la nyonga zimeungana na mtandao wa vena unaouzunguka uti wa mgongo, na mtandao huo hauna vali za kuzuia damu kurudi nyuma. Mtu akikohoa au akijikaza kunyanyua kitu, damu inaweza kusukumwa kuelekea upande huo. Hapo nilijikuta nikiwaza tena magunia ya Loki, kisha nikajikanya. Gunia halileti kansa. Wala Batson hakumaliza maneno yote, kwa sababu seli hizi husafiri pia kwa damu ya kawaida ya mwili mzima. Lakini ramani yake inasaidia kuelewa kwa nini mara nyingi huanzia kwenye pingili za kiuno na nyonga, kisha mbavu, mapaja, fuvu.

Na miguu iliyolala? Ndani ya uti wa mgongo hupita kamba ya neva. Pingili iliyojaa uvimbe, au iliyobomoka, huibana. Miguu hufa ganzi, mkojo hufunga. Daktari alisema maneno ambayo bado nayasikia: mtu akifika huku akiwa bado anatembea, mara nyingi tunamrudisha nyumbani akitembea. Hesabu yake inakwenda kwa saa. Sisi tulikuwa tumetumia siku tatu.

*

Kwa muda nilitaka kuamini kwamba huu ni ugonjwa wa kisasa, wa mafuta ya kupikia na maji ya chupa. Wazee wengi Kakuma husema hivyo: kansa imekuja na lami. Mifupa inakataa.

Huko Arzhan, Siberia ya kusini, kati ya 2001 na 2003 wachimbaji walifungua kaburi la mtawala wa Waskithi aliyezikwa takriban miaka 2,700 iliyopita pamoja na maelfu ya vipande vya dhahabu. Mifupa yake ilikuwa na vidonda kutoka kichwani hadi chini. Mwaka 2007 watafiti walitangaza walichokiona kwa darubini na kemia, zikiwemo chembe za PSA, protini ya tezi dume, zilizobaki ndani ya mfupa wake. Mfalme yule alikufa na ugonjwa wa babu. Jumba la makumbusho la akiolojia la Lisbon nalo lina mumia wa Misri, mwanaume wa miaka kama 51 hadi 60, wa zama za Waptolemi. Walipompitisha kwenye CT skani, wakaona madoa mazito ya duara kwenye nyonga, kiuno na mkono wa juu. Mwaka 2011 wakaandika jibu lile lile. Na huko Amara West, kaskazini mwa Sudan, nchi ambayo watu wake wengi wameishia Kakuma, kulipatikana kijana aliyekufa takriban miaka 3,200 iliyopita, mifupa yake imetobolewa na saratani iliyosambaa. Ilianzia wapi mwilini mwake, mifupa haikusema.

Hata kwetu, ng'ambo ya ziwa huko Koobi Fora, Kamoya Kimeu huyo huyo aliokota mwaka 1973 mifupa ya mwanamke wa kale anayejulikana kama KNM-ER 1808. Miguu yake ilikuwa imefunikwa na tabaka la mfupa mpya, wa ovyo, juu ya ule wa kawaida. Si saratani, maelezo yaliyotolewa ni kwamba huenda alikula maini ya wanyama wala nyama kupita kiasi na vitamini A ikamlewesha. Wengine wakabisha. Lakini fikiria kazi iliyofanyika pale. Zaidi ya miaka milioni moja na nusu baada ya kifo chake, watu wameketi na kuuliza: mama huyu aliumwa nini? Maumivu yalianza lini? Nani alimlisha alipokuwa hawezi kutembea?

Babu hakuulizwa maswali hayo mpaka alipofika Eldoret.

*

Kuna njia rahisi ya kumaliza stori hii: Turkana ni mbali. Mimi sikubali. Umbali wa Turkana haukushuka na mvua. Una tarehe.

Waingereza walipotaka kumweka Jomo Kenyatta mahali ambapo sauti yake haingefika, walimpeleka Lokitaung, kaskazini kabisa. Mwaka 1959 wakamhamishia Lodwar, akakaa hadi 1961. Nyumba yake ya kifungoni bado ipo. Walipachagua kwa sababu walikuwa wamepafunga wao wenyewe. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, hukuingia bila kibali. Uhuru ukaja. Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka wa Kikao nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziwekwe kwanza penye ardhi nzuri, mvua na usafiri, kwa sababu ndiko zitakakozaa haraka. Tafsiri ya Turkana: ngojeni.

Barabara ya lami kutoka upande wa Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway. Mwaka 1990 serikali ya Moi ikavunja uhusiano na Norway kwa ajili ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na Wanorwei wakaondoka na misaada yao. Lami ikaachwa ikajifia. Watu wa rika langu tulikua tukijua barabara ile kama mashimo yenye vipande vya lami katikati, na Kainuk kama mahali pa kusali kwa sababu ya majambazi. Imeanza kutengenezwa upya miaka ya karibuni. Kwa babu, kila shimo lilikuwa kwenye pingili zake.

Sasa angalia kilichowezekana pale mtu alipotaka. Mwaka 1987 Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilifungua hospitali Lopiding, nje kidogo ya Loki, kwa majeruhi wa vita vya Sudan. Mpaka ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006, ilikuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za upasuaji wa vita duniani. Watu walifika kwa ndege wakiwa na mifupa iliyovunjwa na risasi, wakaondoka kwa miguu ya bandia iliyotengenezwa pale pale. Babu alikuwa akipakia magunia kilomita chache tu kutoka hapo. Usiniambie mfupa hauwezi kutibiwa Turkana. Ulitibiwa, kwa karibu miaka 20.

Mfano mwingine unaniuma zaidi kwa sababu ulikuwa wetu wenyewe. Turkana ilikuwa na viwango vya juu kabisa vilivyowahi kurekodiwa duniani vya ugonjwa wa haidatidi, ule wa uvimbe wa maji tumboni unaotokana na minyoo ya mbwa. Miaka ya 1980 AMREF hawakungoja watu waje hospitali. Walibeba mashine ndogo za ultrasaundi mpaka kwenye vijiji vya wafugaji, wakawapima watu huko huko walikokuwa, wakawapata wagonjwa ambao hawakujua kuwa ni wagonjwa. Miaka ya 1980, jamani, kabla ya simu.

Ukiweka haya pamoja unaona mpangilio. Mfupa wa kale ulipata wasomaji kwa sababu sayansi iliuhitaji. Mfupa wa vita ulipata daktari kwa sababu dunia ilikuwa inaiangalia Sudan. Uvimbe wa haidatidi ulipata mashine kwa sababu kuna watu waliamua. Mgongo wa mzee muuza mbuzi haukuwa na mfadhili.

Na Kakuma inakuja zamu yake. Kambi ilianza 1992 kwa ajili ya wavulana waliotembea kutoka Sudan. Hospitali zake zilipangwa kwa dharura za watoto na vijana: surua, kipindupindu, utapiamlo, uzazi. Ilikuwa sawa kabisa wakati huo. Zaidi ya wavulana elfu tatu walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000. Lakini wapo waliobaki, na wapo Wakongomani, Wasomali, Waethiopia na Warundi waliokuja baadaye na kuzeeka hapo. Aliyefika 1992 akiwa na miaka 15 amekaribia hamsini, umri ambao tezi dume huanza kuulizwa maswali. Wanaume wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi, na mara nyingi huwaanza mapema. Kambi ya vijana imekuwa mji wa wazee watarajiwa.

*

Daktari alimpa babu chaguo mbili. Sindano kila baada ya miezi mitatu, maisha yote, kwa bei ambayo mjomba alipoisikia alitoka nje kuvuta hewa. Au upasuaji mdogo, mara moja, wa kutoa korodani.

Stori hii nayo ina tarehe. Mwaka 1941 huko Chicago, Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni. Ukikata chakula hicho kwa kuondoa korodani au kwa kutumia homoni ya kike, ugonjwa husinyaa hata ukiwa umeshafika mfupani. Wanaume waliokuwa wakilia kwa maumivu walipata nafuu ndani ya siku chache. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano za leo ni wazo lile lile kwa njia nyingine.

Daktari alieleza kwa upole, akizungukazunguka. Mama alitazama sakafu. Mimi nilikuwa natafsiri kwa Kiturkana na maneno yakanikwama kooni. Unamwambiaje mzee neno hilo?

Babu akatuokoa. "Unataka kunihasi," alimwambia daktari kwa Kiswahili chake cha Loki. "Mimi nimehasi madume mia. Dume likihasiwa halifi. Linanenepa."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Babu akaweka alama ya kidole.

Siku ya nne baada ya upasuaji alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka. Mimi na mama tulikaa tukimtazama akikoroma kama watu wanaotazama mpira. Karatasi ya maabara ilikuwa imeandika PSA yake kuwa 640, na pembeni ikaandika kawaida: chini ya 4. Baada ya miezi mitatu ilikuwa imeshuka hadi 9. Kwa hiyo Huggins alikuwa sahihi, na babu alikuwa sahihi, alinenepa kidogo.

Miguu haikurudi. Kamba ya neva ikikandamizwa muda mrefu, homoni haiifufui. Alirudi Kakuma akabebwa, akakaa chini ya mti nyuma ya nyumba, akiuza mbuzi kwa simu na kuwafokea waliomletea bei mbaya. Aliishi miezi 14. Ugonjwa ukajifunza kuishi bila chakula chake, kama unavyojifunza mara nyingi, ukarudi kwenye mbavu na begani. Tulimzika mwishoni mwa 2023.

*

Sitaki kudanganya kwamba barabara na mashine zingemaliza kila kitu. Mei 2025 ofisi ya Joe Biden ilitangaza kwamba ana saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi mifupani. Mtu aliyekuwa na madaktari wa Ikulu ya Marekani. Ugonjwa huu una ujanja wake: mwanzoni mara nyingi hauna dalili hata moja. Kipimo cha PSA nacho si malaika. Tezi ikivimba tu kwa umri, au ikiwa na maambukizi, namba inaweza kupanda bila kansa, na kuna saratani nyingine za polepole ambazo hazingemsumbua mtu mpaka afe kwa jambo lingine. Ndiyo maana madaktari husema kaa uzungumze kwanza, hasa ukiwa umefika miaka 45 au kuna mtu katika ukoo aliyeugua.

Lakini kati ya Biden na babu kuna tofauti moja ninayoishikilia. Biden alipewa jina la ugonjwa wake akiwa bado anatembea.

Baada ya mazishi mjomba alinivuta pembeni. Ana miaka 52. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tunapanga kuiba, kama ni lazima daktari aweke kidole. Nikamwambia inaweza kufika huko, lakini kuanza ni damu tu. "Kwani ni damu tu?" Akanitazama kama niliyemficha siri miaka yote. Wiki iliyofuata alipanda gari la kwenda Lodwar, akatolewa damu. Namba yake ilikuwa nzuri. Akaambiwa arudi kupimwa tena baadaye.

Sasa amekuwa kero kwenye soko la mbuzi Kakuma. Mzee akikaa karibu naye chini ya mti, akajishika kiuno na kusema mgongo, mjomba hamwulizi kuhusu magunia. Anamwuliza mbele ya watu wote: usiku unaamka mara ngapi kwenda kukojoa? Wazee wanacheka na kumtukana. Wengine wanaondoka. Na kuna wale wanaongoja soko lipungue, wakamfuata polepole, wakamjibu.